Daftari la Kurasa Mia

Nililinunua Tandika, jalada la kijani,
sasa kona zake zimejikunja kama masikio ya mbuzi.
Kushoto naandika gari.
Kulia naandika kilichobaki.

Kwanza semi ya Kongo.
Laki sita, posho ya njiani mbali,
na ile dizeli isiyotajwa mbele ya tajiri.
Shomari alirudi na vitenge vya Lubumbashi, doti tatu,
na homa iliyokaa wiki mbili.
Siku kumi na tisa yuko Kasumbalesa kwenye foleni,
anasonga ugali chini ya tela,
ananipigia: "Leo tumesogea magari manne."
Mwaka ule tulipaua nyumba ya Yombo, bati la rangi.
Mwaka ule pia Mwanahawa alianza kutembea,
nikawa namtangazia baba yake kama mpira wa redioni:
ya kwanza hiyo, ya pili hiyo,
mtandao ukakatika.
Sikujua niandike upande gani.
Nikaandika katikati, kwenye mstari mwekundu:
hatua ya tatu.

Halafu tangi la mafuta, kutoka bohari ya Kigamboni.
Laki nane! Bima ya watu sita! Buti mpya kila Januari!
Nikamwambia mama kwa simu, sisi tumefika.
Lakini nguo zake nilizianika kamba ya peke yake,
na shemeji Mkumbukwa, mtu asiyeambilika,
alitoka mwenyewe nje na sigara yake.
Usiku wa manane nageuka, kitanda kitupu.
Yupo uani, kidole hewani, anahesabu koki:
hii imefungwa, hii imefungwa, hii
Anarudi ya kwanza.
Nimeandika: laki nane, toa usingizi.
Kutoa huko hakujapata jibu mpaka leo.

Fuso ya nyanya za Ilula, miezi miwili.
Ukurasa ule nimeukunja.

Tipa la mchanga halina mshahara, lina tripu.
Tripu nne umekula, tano umeweka,
mvua ikipiga machimboni mnatazamana.
Lakini kila magharibi namsikia anagonga viatu ukutani.
Mchanga kwenye shuka, mchanga masikioni,
mchanga kwenye maharage, kha!
Tukagombana vizuri,
kama watu wanaoishi nyumba moja.

Sasa anaendesha gari la taka.
Laki tatu na nusu, tarehe ishirini na nane, haivuki.
Anatoka saa kumi alfajiri, saa nane mchana amerudi,
anaoga kwa ndimu, anaoga tena.
Wenzake wa Kurasini, wale wa semi, wanamwita Meya,
wananunua soda wanampigia saluti.
Naye anacheka, kisha ananieleza siri za mji:
Masaki wanatupa mkate mzima na karatasi yake,
Kariakoo wanatupa maboksi,
huku kwetu, asema, hata ganda la ndizi
limekwanguliwa kabla halijafika kwangu.
Jioni anamsahihisha Mwanahawa hesabu za sehemu.
Anakosea. Mtoto anamsahihisha yeye.

Jana kaja Mshamu, mtoto wa kaka yangu,
leseni daraja E ingali moto mfukoni.
"Shangazi, wewe ndiye mwenye mahesabu.
Gari lipi linalipa?"
Nikampa daftari. Nikaenda kupindua chapati.
Alisoma kulia tu, kama kijana yeyote,
kidole kikateremka, kikagota kwenye laki nane,
nikaona mabega yanapanda.
Sikusema neno.
Kidole kikateleza, kikarudi nyuma kurasa kadhaa,
kikasimama kwenye mstari mwekundu.

"Shangazi, hii 'hatua ya tatu'
ni posho ya aina gani?
Wanailipa mpakani, au mpaka urudi?"

Bafuni maji yalikuwa yanamwagika.
Chapati moja iliungua.